Mgeni, Mpangaji, Mgonjwa au Mfungwa?

Msomaji, kuna swali moja niliulizwa na mzee mmoja nami sikuweza kulijibu, na mwalimu asiyeweza kujibu swali hana raha. Nakuletea swali hilo hapa kwa sababu naamini kwamba nchi yetu nzima inadaiwa jibu lake. Wewe uliye kijana leo utakuwa ama miongoni mwa watakaolipa deni hilo, ama miongoni mwa watakaodhulumiwa nalo.

Jumamosi moja niliwaongoza wanafunzi wa Kidato cha Pili kwenda kuzuru nyumba ya kutunzia wazee. Tulichukua sabuni, sukari, unga, na nyimbo mbili tulizozifanyia mazoezi juma zima. Nyumba ilikuwa safi. Ua ulikuwa umefagiwa, na harufu ya uji ilitoka jikoni. Baada ya nyimbo, mzee mmoja aliniita kando. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kustaafu, naye alinipokea kama fundi ampokeavyo fundi mwenziwe. Alitoa mfukoni barua ya binti yake. Bahasha ilikuwa imefunguliwa kabla haijamfikia. Alinieleza kwamba binti huyo humpelekea fedha kila mwezi kwa njia ya simu ya ofisi, lakini yeye hajapata kuziona wala kuonyeshwa hesabu yake. Lango hufungwa saa kumi. Akitaka kwenda dukani kununua wembe huomba ruhusa. Hakataliwi wala hakubaliwi, huambiwa angoje. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, mimi hapa ni nani? Ni mgeni, mpangaji, mgonjwa au mfungwa? Niambie jina langu, nipate kuijua adabu yangu."

Nilimjibu kwamba yeye ni mzee wetu. Akatabasamu kama mwalimu anayesikiliza jibu la mwanafunzi ambaye hakusoma.

Tulipokuwa tukitoka nilimwona bibi mmoja amefungwa kitini kwa leso, fundo likiwa nyuma, mahali asipoweza kulifikia. Metroni alinieleza kwamba hufanya hivyo ili bibi asianguke, kwa kuwa wahudumu ni wawili na wazee ni zaidi ya thelathini. Sikuona ukatili usoni pake, niliona uchovu. Jambo hilo lilinifadhaisha kuliko kama ningaliona ukatili, maana ukatili twajua kuushtaki, lakini uchovu wenye fundo la leso twauita wema.

Dai langu katika insha hii ni hili. Mtu anayeishi katika nyumba ya kutunzia wazee hana haki ya kutegemewa mpaka sheria imtaje kwa jina, iitaje nyumba yake kwa jina, na ieleze waziwazi maana ya maneno ambayo kwayo anaweza kuumizwa. Najua wako watakaocheka. Watasema kwamba fasili za sheria ni mchezo wa mawakili, na kwamba mzee huhitaji uji wa moto na blanketi, wala hahitaji kamusi. Nawaomba wacheke baadaye, baada ya kuyapima majina manne aliyonipa yule mzee, moja baada ya jingine.

Tuanze na mgeni. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni hana haki. Ana ukarimu wa mwenyeji tu, na ukarimu una siku zake. Mwenyeji akichoka, mgeni hushika njia. Mtu aliyeuza ng'ombe wake na kufunga mlango wa nyumba yake akaja kukaa mahali mpaka siku ya kufa hawezi kuwa mgeni mahali hapo.

Je, ni mpangaji? Mpangaji ana nafuu. Hafukuzwi bila notisi, na mwenye nyumba hafungui barua zake. Lakini sheria za kodi ya nyumba hazijui kuoga wala kulishwa. Hazisemi neno juu ya mtu ambaye mwenye nyumba wake ndiye anayemvalisha nguo, anayempa vidonge, na anayemwinua kitandani alfajiri. Mpangaji hufunga mlango wake kwa ndani. Mzee wetu mlango wake hufungwa na mtu mwingine.

Je, ni mgonjwa? Katika mwaka wa 2013 Wizara ya Afya ya Kenya ilitoa Mkataba wa Haki za Wagonjwa, unaosema kwamba mgonjwa ana haki ya kuelezwa hali yake, ya kukubali au kukataa matibabu, na ya kutunziwa siri zake. Ni mkataba mwema. Lakini uzee si ugonjwa. Mgonjwa huingia hospitali kwa nia ya kutoka, ama kwa kupona, ama kwa kufa. Mzee huingia katika nyumba hizi kwa nia ya kuishi. Atakaa Jumatatu na Jumanne, atataka gazeti, atataka kwenda msikitini au kanisani, atataka kugombana na jirani yake juu ya redio. Mkataba wa hospitali haukutazamia maisha hayo.

Basi labda ni mfungwa. Hapa, msomaji, utaona ajabu yenyewe. Kenya inayo sheria ya mwaka 2014 inayoeleza haki za watu walionyimwa uhuru. Mfungwa anatajwa kwa jina. Heshima yake ya utu inatajwa, chakula chake kinatajwa, na mawasiliano yake na jamaa zake yanatajwa. Tena mfungwa hujua kosa lake, na aghalabu hujua siku ya kutoka. Mzee wangu hakulijua kosa, wala hakuijua siku. Mwizi wa kuku aliye gerezani amepata fasili. Mwalimu aliyefundisha watoto kusoma miaka mingi hakuipata.

Kwa hiyo majina yote manne hayamtoshi. Yahitajika jina la tano, nalo ni mkazi: mtu ambaye mahali hapo ni kwake, ingawa hakupajenga, na ambaye anatunzwa bila kuwa mali ya wanaomtunza.

Sasa nitakuonyesha kwa mifano ya nchi nyingine kwamba neno moja la sheria laweza kumweka mzee ndani ya nyumba au nje yake. Mfano wa kwanza watoka Uingereza. Katika mji wa Birmingham alikuwako bibi mwenye umri wa miaka 84, mwenye maradhi ya akili yaitwayo Alzheimer. Mahakamani aliitwa kwa herufi mbili tu, YL, ili jina lake lisitangazwe. Baraza la mji lilimweka katika nyumba ya wazee iliyokuwa mali ya kampuni, nalo likalipa sehemu kubwa ya gharama. Baadaye kampuni ilitaka kuvunja mapatano na kumtoa, kwa sababu ya ugomvi uliodaiwa kutokea kati yake na jamaa za bibi. Mawakili wa bibi walishika Sheria ya Haki za Binadamu ya mwaka 1998, inayomlinda mtu katika makazi yake. Lakini sheria hiyo huwafunga wale tu ambao ni mamlaka ya umma, au wanaofanya kazi yenye asili ya umma. Swali likawa hili: kampuni inayomtunza mzee kwa fedha za baraza la mji, je, inafanya kazi ya umma, au inafanya biashara yake?

Tarehe 20 Juni 2007 majaji watano wa baraza la juu la Uingereza walitoa hukumu. Watatu walisema ni biashara. Wawili walisema ni kazi ya umma. Bibi akashindwa kwa sauti moja. Tazama jambo hili vizuri: majaji wale hawakubishana kama bibi ni mzee, au kama ni mgonjwa, au kama kuhamishwa kungemdhuru. Walibishana juu ya maana ya neno "umma". Bunge la Uingereza halikusema kwamba huo ni mchezo wa mawakili. Katika mwaka wa 2008 lilitunga sheria iliyoeleza kwamba nyumba inayomtunza mzee aliyewekwa humo na baraza inafanya kazi ya umma. Na katika mwaka wa 2014 sheria nyingine ikaliendeleza jambo hilo. Hata hivyo, mzee aliyejilipia mwenyewe gharama zote, bila mkono wa baraza, alibaki nje ya fasili hiyo. Kitanda ni kile kile, na mhudumu ni yule yule. Bali mmoja ana ngao na mwenziwe hana, kwa sababu ya neno.

Mfano wa pili watoka Marekani, nao ni mrefu kidogo, kwa maana ndio unaomjibu yule mwalimu mzee karibu swali kwa swali. Huko, baada ya miaka mingi ya malalamiko, kamati ya wataalamu ilitoa taarifa katika mwaka wa 1986 juu ya hali mbaya ya nyumba nyingi za wazee. Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba 1987, Rais Ronald Reagan alitia sahihi sheria iliyotengeneza upya nyumba hizo. Sheria hiyo huzihusu nyumba zinazopokea fedha za mifuko miwili ya matibabu ya serikali, iitwayo Medicare na Medicaid, na nyumba hizo ni nyingi mno. Haikuridhika kusema kwamba wazee watendewe vyema. Ilishuka mpaka kwenye bahasha, mfuko na kiti.

Juu ya bahasha, ilisema kwamba mkazi ana haki ya faragha, na barua zake zimo katika faragha hiyo. Juu ya mfuko, ilisema kwamba mkazi ana haki ya kusimamia fedha zake mwenyewe, wala nyumba haiwezi kumlazimisha aziweke ofisini. Akipenda mwenyewe kuziweka, lazima ziandikiwe hesabu yake mbali, zisichanganywe na fedha za nyumba. Kanuni zilizofuata zilieleza pia maana ya kutumia vibaya mali ya mkazi: ni kuitumia bila idhini yake, hata kama ni kwa muda tu. Tafakari maneno hayo, "hata kama ni kwa muda tu". Ni nani asiyejua udhuru wa mtu aliyeazima fedha za mzee kununulia mkaa wa jikoni, akakusudia kuzirudisha mwisho wa mwezi? Fasili ile iliufunga mlango huo kabla udhuru haujaingia.

Juu ya kiti, sheria ilisema kwamba mkazi ana haki ya kutofungwa, kwa kitu cha kumzuia mwili au kwa dawa, ikiwa kufungwa huko ni kwa ajili ya kumwadhibu au kuwarahisishia kazi wahudumu, wala si kwa ajili ya kutibu dalili za ugonjwa wake. Hapa, msomaji, nakuomba usimame. Angalia kwamba sheria haikuuliza kama mhudumu ni mkatili au ni mpole. Iliuliza kifungo ni kwa faida ya nani. Bibi yule wa leso alifungwa kwa sababu wahudumu walikuwa wawili. Kwa fasili hiyo tendo lile lina jina, na jina hilo si wema. Vivyo hivyo kidonge cha usingizi kinachotolewa ili zamu ya usiku ipite kimya si dawa tena. Ni kamba iliyosagwa ikawa unga.

Kanuni za mwaka 2016 ziliongeza fasili nyingine inayostahili kusomwa na kila mwanafunzi. Zilieleza kwamba kumtesa mkazi ni kumwumiza, kumfungia bila sababu ya haki, kumtisha au kumwadhibu kwa kusudi, kukaleta madhara, maumivu au uchungu wa moyo. Kisha zikaeleza neno "kusudi": maana yake ni kwamba mtu alitenda tendo lenyewe kwa kukusudia, wala si lazima awe alikusudia kuleta madhara. Mhudumu anayemzaba mzee kofi hawezi kujitetea kwamba hakutaka aumie. Yatosha kwamba alitaka kupiga.

Juu ya lango, sheria ilitaja sababu sita tu za kumtoa mkazi bila ridhaa yake: nyumba haiwezi kumtimizia mahitaji yake, afya yake imepata nafuu hata haihitaji tena nyumba hiyo, usalama wa wengine umo hatarini, afya ya wengine imo hatarini, hakulipa baada ya kudaiwa ipasavyo, au nyumba yenyewe inafungwa. Na kwa kawaida lazima apewe habari kwa maandishi siku 30 kabla, aelezwe sababu, na aelezwe mahali pa kukata rufani.

Labda utauliza kama maneno hayo yalipata kumsaidia mtu yeyote, au yalibaki kuwa wino mzuri. Swali hilo lilifika mahakamani. Mzee mmoja wa jimbo la Indiana, aliyekuwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu, aliingia katika nyumba iliyomilikiwa na shirika la serikali ya wilaya. Jamaa zake walieleza kwamba alipoingia aliweza kutembea, kuzungumza, kula mwenyewe, na kuwatambua watu wake. Baada ya muda hali yake iliharibika upesi, nao wakaambiwa kwamba ni maradhi tu yanaendelea. Walidai kwamba sababu ilikuwa dawa kali za akili alizopewa ili atulie, na kwamba baadaye nyumba ilitaka kumhamishia mahali pengine bila kufuata utaratibu wa habari. Wamiliki wa nyumba walijibu kwa hoja ya neno: walisema kwamba sheria ya mwaka 1987 ni masharti kati ya serikali na nyumba zinazopokea fedha zake, wala haimpi mkazi mwenyewe uwezo wa kushtaki. Tarehe 8 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji saba dhidi ya wawili, ilisema kwamba mkazi anao uwezo huo, kwa sababu sheria yenyewe, katika vifungu vya kufungwa na vya kuhamishwa, imesema habari za haki za mkazi. Neno "haki" lilikuwa limeandikwa miaka 36 kabla, nalo lilingoja katika karatasi mpaka lilipohitajika. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Lakini walio hai waliachiwa njia.

Sisemi kwamba Marekani ni pepo ya wazee. Nyumba zisizopokea fedha za mifuko ile haziguswi na sheria hiyo. Tena ziko nyumba za namna nyingine, ambamo wazee husaidiwa kuoga, kula na kukumbuka dawa zao, lakini jina lake si lile lililotajwa na sheria ya taifa. Nazo zimeachiwa sheria za kila jimbo, zinazotofautiana. Kasoro hiyo haivunji dai langu, bali yalitia nguvu. Mahali neno lilipofika, ngao ilifika. Na mahali neno lilipokoma, ngao ilikoma.

Sasa turudi nyumbani, na tuwakabili wapinzani wetu.

Wa kwanza husema: "Mambo hayo ni ya Wazungu. Mwafrika hamtupi mzazi wake. Ukiandika sheria ya nyumba za wazee umekwisha kuzikaribisha." Naiheshimu desturi inayosema kupitia kinywa hicho, maana nimelelewa nayo. Lakini nyumba hizo zimo nchini mwetu tayari. Wamo humo wazee wasio na mtoto, wazee waliofiwa na watoto, wazee waliofukuzwa mashambani kwa kusingiziwa uchawi, na wazee ambao watoto wao wako mbali wakitafuta riziki. Kutoziandika katika sheria hakuzifungi. Kunaziacha gizani tu. Na desturi, ijapokuwa njema, hukaa mahali penye jamaa, majirani na wazee wa mtaa wa kukemea. Ndani ya lango lililofungwa saa kumi hakuna jirani wa kukemea. Penye wazee haliharibiki neno, walisema wahenga. Nami naongeza kwamba penye neno lililoharibika, wazee huharibika.

Wa pili husema: "Katiba yetu imekwisha kutosha." Ni kweli kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 57, inaitaka Serikali ichukue hatua ili wazee washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wajiendeleze, waishi kwa hadhi na heshima bila kuteswa, na wapate matunzo na msaada wa kadiri kutoka kwa jamaa zao na Serikali. Na Kifungu cha 260 kinaeleza kwamba mzee ni mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 60. Hayo ni maneno bora, nami huwafundisha wanafunzi wangu kwa fahari. Lakini Katiba ni msingi, na mtu halali juu ya msingi. Hulala chini ya paa. Katiba haikueleza nyumba ya wazee ni nini, wala nani aikague, wala mkazi ni nani. Tena tazama jinsi maana inavyoteleza ikiachwa bila kushikwa. Mzee wa Katiba ana zaidi ya miaka 60. Lakini mpango wa Inua Jamii, ulipopanuliwa katika mwaka wa 2018 kuwapa wazee wote shilingi 2,000 kwa mwezi, uliwahesabu wenye miaka 70 na zaidi. Huenda hazina haikuwa na fedha za kuwatosha wote, nami sitaki kuidharau sababu hiyo. Nasema tu kwamba mwenye miaka 65 ni mzee katika kitabu kimoja na si mzee katika kingine, na kwamba tofauti hiyo yatokana na fasili.

Jina la nyumba yenyewe nalo limetuponyoka. Jina ambalo nchi zisemazo Kiingereza huliandika juu ya milango ya nyumba za wazee dhaifu, hapa Kenya kwa muda mrefu limeandikwa juu ya milango ya hospitali ndogo za watu binafsi, ambamo akina mama hujifungua na wenye malaria hulazwa. Basi mkaguzi akitumwa kukagua nyumba zenye jina hilo, atakuta vitanda vya wazazi na watoto wachanga, na wazee atawapita.

Wala usiniambie kwamba Bunge letu halijui kazi hiyo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilieleza makao ya watoto ya hisani ni yapi, ikataka yaandikishwe na kukaguliwa. Na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyoishika nafasi yake, haikuliacha jambo hilo. Tulitambua kwamba mtoto aliye mikononi mwa wageni anahitaji zaidi ya huruma yao. Mzee asiyeweza kuinuka kitini amepungukiwa na nini katika hoja hiyo? Katika mwaka wa 2018 muswada wa kuwatunza na kuwalinda wazee ulifikishwa katika Seneti. Muswada ni mbegu. Haumtilii mtu kivuli mpaka uote. Na Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya haki za wazee katika mwaka wa 2016, ikaanza kuwa na nguvu katika mwaka wa 2024, nayo inataka nyumba za kutunzia wazee zifuate kanuni za taifa. Kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwamba tunaiga Wazungu. Afrika yenyewe imekwisha kunena.

Wa tatu, naye ndiye nimwogopaye zaidi kwa kuwa ana moyo mwema, husema: "Nyumba nyingi zaendeshwa kwa sadaka. Mkizitwisha sheria zitafungwa, na wazee watalala barabarani." Hoja hii yataka jibu la heshima. Najibu kwamba sehemu kubwa ya haki hizi haigharimu kitu. Bahasha isiyofunguliwa haigharimu senti. Daftari la hesabu la mkazi lagharimu bei ya daftari. Kumwambia mtu kwa maandishi kwamba atahamishwa kwagharimu karatasi moja. Yale yanayogharimu kweli, kama kuongeza wahudumu ili leso irudi kuwa vazi, Serikali iyachangie, kwa kuwa Katiba imeitaja Serikali pamoja na jamaa. Lakini nchi haitajua wahudumu wangapi wahitajika mpaka ijue nyumba ni zipi, na haitajua nyumba ni zipi mpaka iseme nyumba ya wazee ni nini. Hata sadaka huhitaji fasili ili ifike mahali pake.

Ningalikuwa na ruhusa ya kuandika sheria hiyo kwa kalamu yangu ya ubaoni, ningaliandika maneno machache. Nyumba ya wazee ni mahali popote ambapo watu waliotimiza miaka 60, wasio jamaa za mwenye nyumba, wanakaa na kutunzwa, kwa malipo au kwa hisani, na kwa jina lolote lile lililoandikwa mlangoni. Mkazi ni kila mtu akaaye humo, awe amejilipia, amelipiwa au hakulipa. Kumfunga ni kumzuia kwa kitu au kwa dawa asichoweza kujiondolea. Kumhamisha ni kumwondoa katika nyumba hiyo kwa njia yoyote, wala hakufanywi bila yeye na mtu aliyemchagua kujua ni wapi, lini na kwa nini. Na mkaguzi ni mtu asiyelipwa na nyumba anayoikagua. Mistari hiyo mitano haijazi ukurasa mmoja wa daftari lako.

Muhula uliofuata nilirudi katika nyumba ile, safari hii peke yangu, nikiwa na wembe pakiti moja na gazeti. Kitanda cha mwalimu mzee kilikuwa na mtu mwingine. Nilimwuliza mhudumu, naye akasema yeye ni mgeni katika kazi hiyo. Nilikwenda ofisini. Metroni yule hakuwako tena. Aliyekuwapo alinifungulia daftari kwa adabu, akatafuta kwa kidole, akanionyesha. Mbele ya jina la mzee palikuwa na tarehe na neno moja: "Ametoka."

Ametoka. Je, alitoka kwa miguu yake, au alibebwa? Alichukuliwa na binti yake aliyekuwa akiandika barua, au alihamishwa kwenye nyumba nyingine? Alipelekwa hospitali? Alikufa? Fedha za simu zilifuatana naye, au zilibaki? Nilimwuliza mtu wa ofisi maana ya neno lile. Alilitazama tena, akasema, "Mwalimu, ndivyo lilivyoandikwa."

Hakuniongopea, wala hakuvunja sheria. Neno lile lilikuwa halimdai mtu yeyote chochote.

Msomaji, baadhi yenu mtakuwa mawakili, wengine wabunge, wengine wauguzi, na wengi mtakuwa watoto wa wazee, kisha mtakuwa wazee wenyewe. Mtakaposikia watu wakibishana Bungeni juu ya maana ya neno moja, msiondoke mkidhani kwamba hayawahusu. Ulizeni neno hilo litaandikwa mbele ya jina la nani.